Jina Likitoka Kwenye Orodha: Wastaafu wa Vyama vya Wafanyakazi, Afya na Kipato Kisii na Nyamira

(Mhadhara uliotolewa mjini Kisii mbele ya wastaafu, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, watumishi wa afya na wanafunzi. Unachapishwa karibu kama ulivyosemwa.)



Nashukuru kwa mpangilio wa viti uliowaweka wastaafu mbele, kwa sababu nimehudhuria mikutano mingi ya kuwajadili wazee ambapo wazee wenyewe walisikilizia dirishani. Nimeombwa nieleze jinsi wastaafu waliokuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi wanavyoweza kujipanga ili waboreshe afya na kipato chao katika kaunti hizi mbili. Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba anayestaafu hupoteza kitu kingine pamoja na mshahara: hupoteza orodha aliyokuwamo. Kazi ya kwanza ya kikundi cha wastaafu ni kuiandika orodha hiyo upya na kuitunza.

Mwezi wa pili baada ya kustaafu nilikwenda katika ofisi ya chama nilichokuwa mwanachama wake kwa zaidi ya miaka 30. Nilitaka kuuliza kuhusu faili langu la pensheni. Karani, binti mwenye adabu, alinipa kiti, akafungua orodha ya wanachama, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akarudia tena. Kisha akasema polepole, "Mwalimu, jina lako halipo." Hakukosea. Orodha yake ilitokana na makato ya mshahara, nami sikuwa na mshahara tena. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi kwa muda mrefu. Nilikuwa nimegoma na chama kile, nimenyeshewa mvua nikiandamana nacho, nimezika wenzangu chini ya bendera yake. Ilitosha mwezi mmoja bila hati ya mshahara, nikawa mgeni.

Hoja yangu ya kwanza, basi, ni juu ya orodha yenyewe.

Mfanyakazi aliye kazini hulipa ada ya chama bila kuishika mkononi: mwajiri humkata na kuipeleka. Chama cha Walimu, KNUT, kiliundwa mwaka 1957. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ilipoanzishwa mwaka 1967, walimu wa nchi nzima wakapata mwajiri mmoja, na chama kikapata mlango mmoja wa kubisha. Nguvu ya chama ilikuwa hapo: mwajiri mmoja, orodha moja, makato kila mwisho wa mwezi. Mstaafu hana makato. Mwajiri wake wa zamani amemkabidhi kwa Idara ya Pensheni ya Hazina ya Kitaifa, iliyo Nairobi, naye yuko Nyansiongo au Kenyenya akisubiri ujumbe wa benki kwenye simu. Kila mstaafu husubiri peke yake.

Madhara ya kusubiri peke yake tuliyaona katika kesi ambayo wengi humu ndani mnaijua kuliko mimi. Oktoba 1997 walimu wa Kenya waligoma chini ya Katibu Mkuu wao, Ambrose Adongo, na serikali ikakubali nyongeza kubwa iliyopaswa kulipwa kwa awamu tano. Awamu ya kwanza ililipwa, zilizofuata zikasimamishwa. Walimu wakagoma tena mwaka 1998. Mpango mpya wa kulipa ulikuja baada ya serikali kubadilika mwishoni mwa 2002. Waliokuwa bado darasani mwishowe walipata. Lakini wale waliostaafu baada ya Julai 1997, wakati makubaliano yapo na pesa hazijatoka, walikokotolewa pensheni kwa mshahara wa zamani. Walikuwa wamegomea nyongeza ambayo haikuonekana kwenye hesabu ya uzee wao.

Wastaafu wenyewe ndio waliokwenda mahakamani kwa niaba ya wenzao. Mahakama Kuu ya Nakuru iliwapa haki mwaka 2008, na rufaa ya mwajiri ikashindwa. Waliotajwa kuhusika ni walimu wapatao 52,000, na deni likatajwa kufika takriban shilingi bilioni 42. Ushindi ulikuwa mkubwa. Ila hukumu ya mahakama hailipi mtu. Hulipa jina lenye nambari ya TSC, nambari ya pensheni, tarehe ya kustaafu na akaunti ya benki inayofanya kazi. Miaka ilipita watu wakizungushwa. Wengi walifariki wakisubiri, na wajane na watoto wakaambiwa waende mahakamani kwanza kutafuta hati ya kusimamia mali ya marehemu.

Naomba mnisamehe kama naligusa jeraha. Nimekaa katika nyumba ambamo mama mjane alitoa mfuko wa nailoni kutoka chini ya godoro, ndani yake barua za mumewe za tangu 1998, nyingine zimeliwa na panya pale pale penye nambari. Hakukuwa na mtu wa kumwambia mapema kwamba karatasi ile ni mali kuliko ng'ombe. Kama kata yake ingekuwa na kikundi chenye daftari la walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2007, na nakala za barua zao zimehifadhiwa mahali pawili, mama yule angefika ofisini akiwa na faili kamili. Asingefika na machozi peke yake.

Kwa hiyo ninaposema tujipange sisemi habari ya harambee na fulana. Nasema habari ya daftari. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya pensheni, mwezi wa kustaafu, jina la mrithi, simu ya mrithi. Kikundi cha watu 10 kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kwa afisa wa maendeleo ya jamii aliye karibu nawe. Usajili huo hukipa kikundi uwezo wa kufungua akaunti na kuandika barua ambayo ofisi haiwezi kuitupa kirahisi.

Wenzetu wa nje wamekwenda mbele zaidi. Italia, shirikisho la wafanyakazi la CGIL lina chama chake cha wastaafu, SPI, tangu 1949, na wastaafu hao ni karibu nusu ya wanachama wote wa shirikisho. Marekani, mwaka 1961, vyama vya wafanyakazi vilisaidia kuanzisha baraza la wazee lililosukuma bima ya matibabu ya wazee, na sheria ya bima hiyo ikatiwa saini Julai 1965. Hawakuacha majina ya wazee wao yafutike. Nawauliza viongozi wa matawi mlio hapa, kwa heshima: katika bajeti ya tawi lako ya mwaka huu, kuna shilingi ngapi kwa ajili ya aliyestaafu mwaka jana?

(Hapa kulikuwa na kimya, kisha makofi kutoka safu za mbele.)

Hoja ya pili ni afya, na hapa nitakaa kidogo.

Angalia jinsi mambo yanavyopishana. Ukiwa na miaka 35, huumwi, una bima ya mwajiri. Ukifika 60, umri wa kustaafu wa utumishi wa umma tangu 2009, presha imepanda, sukari imeingia, magoti yanauma ukishuka mlima kutoka Manga, wanaume tezi dume, wengine mtoto wa jicho. Na mwezi huo huo bima ya mwajiri inakwisha. Mwili unaanza kudai siku kadi inapokufa.

Mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF, ulioanza mwaka 1966, umekwenda, na tangu Oktoba 1, 2024 tuna Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba, mali na hali ya maisha, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na mwenye nyumba ya mawe na stima huweza kukadiriwa juu zaidi ya hapo. Mstaafu wetu alijenga nyumba ile kwa mikopo ya ushirika alipokuwa kazini. Nyumba inaonekana tajiri, mfuko ni mtupu.

Kikundi kinaweza kufanya nini hapa? Kwanza, kulipa kwa mwezi kile ambacho serikali inataka kwa mwaka. Kila mwanachama anatoa kidogo siku pensheni inapoingia, mweka hazina anaandika, na tarehe ya kila mmoja ya kulipa SHA imo katika daftari. Ikifika, pesa ipo. Nimeona kikundi cha wastaafu 23 upande wa Borabu kikifanya hivyo, na kwa mwaka mzima hakuna aliyelazwa bima yake ikiwa imelala. Pili, kumsaidia anayeona amekadiriwa vibaya kurudi kwenye maswali yale na kuyajibu sawasawa. Wengi walijibiwa maswali hayo na wajukuu wenye haraka, simu mkononi, na mzee hakuulizwa hata kama ng'ombe waliotajwa ni wake.

Tatu, kujua nini kinalipwa na mfuko gani. Zahanati na kituo cha afya hulipwa na mfuko wa afya ya msingi kwa kila aliyesajiliwa, hata asiyechanga. Hospitali kubwa hulipwa na mfuko wa michango. Mtu asiyejua tofauti hii hupanda matatu hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii kupimwa presha, jambo ambalo lingefanywa karibu na nyumbani.

Tena hata zahanati si lazima. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini wamepewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Mhamasishaji wa kijiji chako ni jirani yako, pengine ulimfundisha kusoma. Akialikwa kwenye kikao cha wastaafu kila mwezi, kikao kinakuwa kliniki. Watu 20 wanapimwa kabla ya chai, namba zinaandikwa kwenye ukurasa wa kila mmoja. Mwezi wa tatu ukiona namba za mtu zinapanda, anapelekwa Nyamira au Tabaka na mwenzake mmoja, hapelekwi na mtoto asiyejua hata dawa anazotumia baba yake. Muuguzi mstaafu akiwamo kikundini, kikundi hicho ni tajiri. Ndiyo maana nasisitiza tusijitenge kwa chama cha zamani: walimu huku, wauguzi kule, wa baraza la kaunti kwingine. Mwalimu anaandika, muuguzi anapima, aliyekuwa karani wa mahakama anajua njia ya hati ya urithi.

Na kuna ugonjwa ambao hauna kipimo mkobani. Mtu aliyeamka saa kumi na moja kwa miaka 35 kwenda shuleni anaamka saa kumi na moja bado, na hakuna pa kwenda. Nimewapoteza marafiki wawili namna hiyo. Hatukuiita huzuni wakati ule, tulisema amechoka. Siku hizi mtu akikosa vikao viwili mfululizo, tunamtuma mtu nyumbani kwake siku hiyo hiyo.

Hoja ya tatu ni kipato. Nitaanza na hesabu, kwa sababu wengi tunaona aibu kuuliza.

Chini ya Sheria ya Pensheni ya zamani, unachukua mshahara wako wa msingi wa mwisho kwa mwaka, unazidisha kwa miezi uliyotumikia, unagawanya kwa 480. Tuseme mwalimu alikuwa akipata 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka, na ametumikia miaka 30, ambayo ni miezi 360. Pensheni yake kamili ni 450,000 kwa mwaka. Akiamua kuchukua robo kama mkupuo, robo hiyo, 112,500, inazidishwa mara 20: shilingi 2,250,000. Kinachobaki ni 337,500 kwa mwaka, au 28,125 kwa mwezi. Nenda nyumbani ufanye hesabu yako kwa mfano huu. Ukikuta tofauti kubwa, pengine miezi yako haikuhesabiwa yote, na huo ni mwanzo wa barua.

Sasa mlinganisheni na jirani yake aliyechuma majani ya chai katika shamba kubwa la Kericho kwa miaka hiyo hiyo 30. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulioanzishwa mwaka 1965, kwa muda mrefu ulikata shilingi 200 kwa mfanyakazi na mwajiri akaongeza 200, hadi viwango vipya vya sheria ya 2013 vilipoanza kutumika Februari 2023. Mia nne kwa mwezi kwa miezi 360 ni 144,000, ongeza riba yoyote utakayo. Anazipokea mara moja, basi. Akifika miaka 70 anaweza kuingia mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kikundi cha wastaafu kinachomfungia mlango mtu huyu kwa sababu hakuwa mwalimu kimesahau maana ya neno chama.

Ile milioni mbili ya mwalimu je? Ardhi yetu ni finyu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na shamba la babu limegawanywa kwa wana mara tatu. Mkupuo unapoingia, kila mtu ana wazo: mwana anataka pikipiki, shemeji anajua matatu inayouzwa, kanisa linaezeka paa. Nisiwalaumu wanaoomba, shida zao ni za kweli. Lakini mkupuo ulioliwa kwa miezi sita haurudi, na baada yake huja mkopo unaokatwa kwenye pensheni yenyewe kwa miaka.

Wazee wetu walikuwa na egesangio, watu wachache wakilimiana mashamba kwa zamu, na risaga, kijiji kizima kikiitwa kwenye kazi kubwa. Akiba ya mezani ya leo, wanachama wakichanga na kukopeshana kikaoni, ni egesangio iliyovaa daftari. Vikundi ninavyovijua vinavyodumu vina kanuni mbili: mwanachama mpya hawekezi mkupuo wake mahali popote kwa miezi 12 ya kwanza, unakaa kwenye akiba ya ushirika au hati za serikali, na mkopo wa ndani hutolewa kwa kitu kinachoonekana, kama ng'ombe wa maziwa, miche ya parachichi, migomba bora au ukarabati wa vyumba vya kupangisha. Ushirika ulioujenga kazini usiuage: hisa zako katika chama cha akiba cha walimu ni zako bado, na mkutano mkuu wa mwaka ni haki yako kuhudhuria. Nendeni. Viti vya wastaafu katika mikutano hiyo viko vitupu mno.

Neno moja kwa waume wenzangu. Mstaafu akifariki, mjane wake hupokea pensheni ya mtegemezi kwa miaka 5. Baada ya hapo inakoma. Mke asipojua hili mapema, mwaka wa sita unamkuta hana hata hisa moja kwa jina lake. Mwandikishe katika kikundi ukiwa hai.

Hoja ya nne, usalama wa mzee, ni fupi, na nimelala nayo usiku kucha nikijiuliza kama niiseme. Mei 2008, katika Gusii hii yetu, watu 11 walichomwa wakidaiwa kuwa wachawi, wengi wao wazee. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa kwa madai hayo hayo. Ibara ya 57 ya Katiba yetu inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa. Mara nyingi chini ya tuhuma hizi kuna shamba, na mara nyingi anayetuhumiwa ni mwanamke mjane anayeishi peke yake, asiye na anayemtembelea. Mimi nasema mzee ambaye watu 20 humtembelea kwa zamu, ambaye jina lake liko kwa chifu, kwa kikundi na kwa mhamasishaji wa afya, ni vigumu zaidi kumzushia usiku. Hatuwezi kuzungumzia presha na sukari za wazee tukanyamazia moto. Kila kikundi kiwe na watu wawili wa kuitwa saa yoyote uvumi ukianza, na simu za chifu na polisi ziwe ukurasa wa kwanza wa daftari.

Bwana Mwenyekiti, naona saa. Nitazame mbele kidogo nikae.

Tangu Januari 2021 watumishi wapya wa umma, na waliokuwa chini ya miaka 45, wako katika skimu ya kuchangia: wao asilimia 7.5, mwajiri asilimia 15. Ninyi vijana mliokaa nyuma hamtakuwa na ile hesabu ya 480. Pensheni yenu itakuwa ile mliyoweka na namna ilivyowekezwa, na hakuna atakayeisimamia kwa macho kama mwanachama mwenyewe. Sheria pia zinaruhusu skimu kutenga mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu. Viongozi wa matawi, anzeni kuudai mezani sasa, wakati mna watu wa kugoma nyuma yenu. Mkisubiri hadi mtakapostaafu, mtaudai mkiwa na fimbo mkononi.

Ombi langu kwa matawi yote yaliyowakilishwa hapa ni hili: kabla ya mkutano mkuu ujao, katibu achukue orodha ya makato ya miaka mitano iliyopita na kutoa majina yaliyotoka humo kwa sababu ya umri. Mafaili hayo mnayo. Tupeni majina, nasi tutakwenda mlango kwa mlango, Ekerenyo hadi Etago, kujua nani yu hai, nani anaumwa, nani hajalipwa.

Kwa wastaafu mlio hapa, mlangoni kuna meza na madaftari mawili, moja la Kisii na moja la Nyamira. Mwalimu mmoja wa hesabu, mstaafu, atakuwa pale hadi saa kumi na mbili. Andika jina lako, kata yako, mwezi uliostaafu na jina la mrithi wako. Mwenye barua zake leo azionyeshe, kuna kijana mwenye simu atazipiga picha. Na kama umemwacha nyumbani jirani mstaafu asiyeweza kutembea, andika jina lake chini ya lako.